Nilimshinda kwa mistari mitatu, naye hajarudi

Swali: "Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia chenye watu 12. Wiki 6 zilizopita mama mmoja, anayenizidi umri kwa mbali, alisema katikati ya somo kwamba mgonjwa asiyepona, basi ni yeye au wa nyumbani kwake hawana imani. Nilimjibu palepale. Nilifungua Yohana 9, nikaenda 2 Wakorintho 12, nikamalizia na 2 Timotheo 4:20. Hakuwa na la kusema. Tangu siku hiyo hajarudi, na wengine wawili wamepoa. Mchungaji ananiambia upendo hufunika yote, niachane na mambo ya kusahihisha watu. Lakini humohumo kuna kaka ameanza kuwaambia wenzake kuwa Mwana wa Mungu aliumbwa, na dada anayewasumbua wengine kuhusu vyakula. Nikinyamaza najiona nimeisaliti kweli, nikisema naonekana nina kiburi. Nifanyeje?"

Jibu:

Ndugu yangu, mistari yako yote mitatu ilikuwa mahali pake. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu hakumtaja yeyote kati ya wale waliowashuku. Alilikataa swali lenyewe. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake umtoke, akaambiwa neema yatosha, mwiba ukabaki. Na huyo Trofimo wa 2 Timotheo 4:20 ni shahidi ambaye wengi humruka: Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha mwenzake Mileto akiwa hawezi, wala hasemi popote kwamba imani ya Trofimo ilikuwa imepungua. Ungeweza hata kuongeza Epafrodito aliyeugua karibu na kufa, na tumbo la Timotheo lililokuwa likimsumbua mara kwa mara. Kuhusu fundisho lenyewe, basi, sina la kukurekebisha.

Nina swali moja tu. Yule mama alikuwa akimzungumzia nani?

Hukuniandikia, na nahisi hujui. Mtu mzima hasemi neno kama lile kwa kupitisha muda. Huenda amewahi kuzika mtu wake, na siku ya msiba akaambiwa na mtu anayemheshimu kuwa maombi yake yalikuwa hafifu. Tangu hapo amebeba mzigo huo, na kuusema kwa sauti ni njia yake ya kuuzoea. Huenda ana mgonjwa nyumbani sasa hivi, na kamba pekee anayoishikilia ni kwamba akiamini vya kutosha mgonjwa ataamka. Au labda alisikia mahubiri tu, yakamkaa kichwani. Sentensi ni ileile, lakini hao ni watu watatu tofauti. Wa kwanza anahitaji kutuliwa hatia ambayo si yake. Wa pili ukimnyang'anya ile kamba bila kumpa pa kushika, ataanguka nayo. Wa tatu ndiye hasa aliyehitaji somo lako, na hata yeye hakulihitaji mbele ya watu 11. Wewe uliwajibu wote watatu kwa pigo moja.

Rafiki za Ayubu walianza vizuri kuliko tunavyowasifu. Waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, pasipo kusema neno. Wangeondoka siku ya nane tungewakumbuka kwa wema. Walipofungua vinywa walisema mengi ambayo ukiyasoma peke yake utayaona ni kweli: Mungu ni mwenye haki, mwovu huvuna alichopanda. Mwishoni Mungu akamwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake. Neno linaloweza kusimama mimbarani likageuka uongo lilipobandikwa juu ya yule mtu aliyeketi majivuni. Mimi huwa nasita sana nikifika hapo, kwa sababu kazi yangu ni kusema maneno ya namna hiyo.

Nami nina la kwangu. Nilipotoka chuo cha theolojia, nikiwa bado nanuka daftari, tulikuwa na mzee mmoja aliyependa kutuombea mwisho wa ibada. Jioni moja akasema, "Baba, asante kwa kuwa ulikufa msalabani kwa ajili yetu." Watu wakaitika amina. Kabla hawajainuka nikasimama nikaeleza kwamba aliyekufa ni Mwana, si Baba; kwamba kuyachanganya hayo ni uzushi wa zamani ambao Tertullian, mwalimu wa kanisa la kale, aliupinga mwanzoni mwa karne ya 3; na kwamba sala zetu zinapaswa kuwa na nidhamu. Mzee alisikiliza ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema, "Asante, mwalimu." Sikumsikia tena akiomba kwa sauti hadi alipofariki. Nilikuwa sahihi kabisa. Lakini ninapokumbuka jioni ile, ninachokiona ni mikono yake ikiizungusha ile kofia. Ningengoja wiki moja tu, nikafundisha kikundi kizima jinsi tunavyomwomba Baba kwa njia ya Mwana katika Roho, bila kumtazama mtu yeyote, mzee angejirekebisha mwenyewe na sauti yake ingebaki.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana naona wewe na mchungaji wako mnavuta kamba moja kutoka pande mbili. Yeye anadhani kuna kweli upande huu na upendo upande ule, na akilazimika kuchagua atachagua upendo. Wewe unachagua kweli. Lakini Paulo anapowaandikia Timotheo na Tito kuhusu "mafundisho yenye uzima", neno analotumia kwa Kigiriki ni la afya ya mwili. Ndilo ambalo Luka analitumia kwa watu wenye afya wasiohitaji tabibu. Fundisho lenye uzima, kwa lugha hiyo, ni lile linaloacha watu wakiwa na afya. Upotovu nao anauita donda-ndugu, kidonda kinachokula nyama ya jirani yake. Kwa hiyo unaposahihisha uko kwenye kazi ya tabibu, na tabibu haulizwi tu kama dawa ni halisi. Anaulizwa pia kama alimpima mgonjwa na kama alimpa kipimo anachokiweza.

Tazama pia mpangilio wa 2 Timotheo 2. Katika mstari wa 17 Paulo anawataja kwa majina Himenayo na Fileto, watu waliokuwa wakisema kwamba ufufuo umekwisha kupita na kuipindua imani ya wengine. Hilo ni jambo zito kuliko la yule mama. Mistari michache mbele, katika sura hiyohiyo, anasema haimpasi mtumwa wa Bwana kuwa mgomvi, bali awe mwanana kwa watu wote, mvumilivu, "akiwaonya kwa upole wao washindanao naye, ili kama ikiwezekana, Mungu awape kutubu na kuijua kweli." Upole huo umeamriwa kwa wanaopinga, tena penye hatari kubwa. Na sababu anaitoa: toba hutolewa na Mungu. Wewe huwezi kuizalisha kwa kupandisha sauti wala kwa kuongeza mstari wa nne.

Kwa mchungaji wako, kwa heshima, nina tofauti moja. Petro anasema upendano husitiri wingi wa dhambi. Hasemi unasitiri fundisho linalowaumiza watu. Ukiacha ile kauli ya mama ikae kikundini, kesho mwenye mtoto mgonjwa ataketi hapo na kuhitimisha kwamba yeye ndiye anayemuua mwanawe. Kunyamaza hapo ni kumwacha huyo mama mwingine peke yake. Kwa hiyo hukukosea kuona kwamba lazima jambo liguswe.

Ulikosea mahali na namna. Paulo anamwambia Timotheo, kijana kama wewe, jinsi ya kuwaonya watu wa rika mbalimbali: mzee kama baba, wanawake wazee kama mama. Hebu mfikirie mama yako mzazi akikosea neno mezani mbele ya wageni. Ungemfungulia vitabu vitatu? Ungengoja wageni waondoke, ungevuta kiti karibu, na pengine ungeanza kwa kumwuliza kama amekula.

Prisila na Akila wanatuonyesha jambo hilo likifanyika. Apolo, mzaliwa wa Aleksandria, msomi na hodari katika Maandiko, alikuwa akinena sinagogini roho ikimwaka, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Waliomsikiliza ni mke na mume watengeneza mahema. Angalia wasilolifanya. Hawakuinua mkono katikati ya hotuba, wala hawakumngoja mlangoni penye watu. "Wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi." Hilo "zaidi" nalipenda mno. Luka ameshasema kwamba Apolo alikuwa akifundisha kwa usahihi habari za Yesu. Walichofanya ni kuendeleza palipopungua. Walianza na alichopatia. Baadaye ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha, akawafaa sana waumini wa Akaya, jimbo lenye mji wa Korintho. Angeaibishwa sinagogini siku ile, sijui kama Korintho ingempata.

Najua kuna atakayekuambia kwamba Paulo alimkabili Kefa, yaani Petro, mbele ya watu wote kule Antiokia. Ni kweli, na wapenda ugomvi wote tunaijua Wagalatia 2 kwa moyo. Lakini Petro alikuwa mtume, kosa lake la kujitenga na waumini wa Mataifa wakati wa kula lilikuwa limefanyika hadharani mezani, na lilikuwa tayari limemvuta hata Barnaba. Waumini wa Mataifa walikuwa wakiambiwa kwa vitendo kwamba hawajatosha. Mwenye mamlaka, kosa la wazi, madhara yanayoendelea. Mama yako wa kikundi hana hata kimoja cha hivyo.

Kwa hiyo, nenda kwake. Usitume ujumbe wa simu, na usimtume mtu. Ukifika usianze na fundisho. Sema kitu kama hiki: "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilikujibu mbele ya watu kama ninayeshindana nawe. Haikunipasa." Hapo nyamaza. Usiweke "lakini" baada yake, kwa sababu kila kilichotangulia "lakini" kitafutika. Huombi radhi kwa sababu Trofimo alikuwa mgonjwa. Unaomba radhi kwa jinsi ulivyomtumia Trofimo. Kisha, akikukaribisha kuongea, uliza: "Ulipokuwa unasema habari za wagonjwa, ulikuwa unamkumbuka nani?" Halafu sikiliza hadi mwisho, hata akisema mambo ambayo masikio yako yanataka kuyarekebisha. Ikiwa ni msiba, litakuja tu. Na likija, huenda fundisho lote unalotaka kumpa likaingia katika sentensi moja: "Mama, si wewe uliyemuua." Hiyo nayo ni theolojia, tena ni Yohana 9:3 kwa lugha ya nyumbani.

Wagalatia 6:1 inasema mtu akighafilika, mrejezeni kwa roho ya upole. Kitenzi cha Kigiriki hapo ndicho kilichotumika kwa Yakobo na Yohana walipokuwa mashuani wakitengeneza nyavu zao, na waganga wa Kiyunani walikitumia kwa kuunga mfupa uliotoka mahali pake. Anayeunga mfupa hana budi kuugusa palepale panapouma, hakwepi. Ila anashika kwa mikono miwili, na anajua upande gani wa kuvuta.

Huyo kaka anayesema Mwana aliumbwa ni habari nyingine, na hapa sitaki uwe laini kwa maana ya kulegea. Hili si la pembeni. Kanisa lilikutana Nisea mwaka 325 kwa ajili ya swali hilihili, na jibu lake ndilo tunalokiri tukisema "Mungu kweli aliyetoka kwa Mungu kweli, aliyezaliwa, asiyeumbwa". Akiwa Mwana ni kiumbe, basi aliyekufa msalabani ni kiumbe kimoja kwa ajili ya viumbe wengine, na kumwabudu ni kosa. Lazima ajue kwamba kikundi hakifundishi hivyo.

Hata hivyo anza kwa kumwuliza anamaanisha nini, peke yenu. Athanasius, ambaye alikuwepo Nisea akiwa shemasi na aliyekuja kufukuzwa katika kiti chake cha uaskofu mara 5 kwa kuutetea ukiri huo, mwaka 362 aliwakutanisha maaskofu Aleksandria. Kulikuwa na makundi mawili yakishukiana uzushi: moja lilitumia neno fulani la Kigiriki kusema viko vitatu katika Mungu, jingine likitumia neno hilohilo kusema kiko kimoja. Mtu aliyekuwa ameteseka kiasi kile angeweza kukata shauri kwa hasira. Wakawauliza hawa mnamaanisha nini, na wale mnamaanisha nini. Ikaonekana wa kwanza walimaanisha nafsi tatu, wa pili walimaanisha asili moja, na imani yao ilikuwa moja. Mtu asiyeyumba alikuwa na nafasi ya kusikiliza. Nami nimeona mara nyingi kwamba anayeogopa kusikiliza ni yule ambaye kweli bado haijamkaa vizuri.

Inawezekana kaka yako amekwama kwenye Wakolosai 1:15 tu, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Basi soma naye mstari unaofuata, kwamba katika yeye vitu vyote viliumbwa, halafu mwonyeshe Zaburi 89:27, ambapo Mungu anasema kuhusu Daudi, "Nitamjalia kuwa mzaliwa wangu wa kwanza." Daudi! Yese alipitisha wanawe 7 mbele ya Samweli kabla hajaitwa huyo mdogo aliyekuwa akichunga kondoo. Mzaliwa wa kwanza hapo ni cheo na urithi, si mpangilio wa kuzaliwa. Mwache akitafute mwenyewe kwenye Biblia yake. Kidole chake kikigusa mstari atakumbuka zaidi kuliko ukimsomea.

Akiwa anauliza, mvumilie hata mwaka. Akiwa anafundisha, ni vingine. Mwambie wazi kwamba kiti chake cha kujifunza kipo, ila hatapewa kuongoza somo, na asiwavute watu pembeni. Mhusishe mchungaji mapema, kwa sababu mwongozo wa Tito 3:10, kumwonya mzushi mara ya kwanza na ya pili kabla ya kumkataa, si kazi ya kiongozi wa kikundi peke yake. Na usimwite mzushi kabla ya hapo. Neno hilo likishatoka halirudi.

Dada wa vyakula, soma naye Warumi 14 polepole, mstari kwa mstari, wala msigombane. Anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Dhamiri yake iheshimiwe, ila asiifanye sheria ya wengine. Akianza kusema kwamba mtu haokoki mpaka aache chakula fulani, hapo tumehama Warumi 14 tumeingia Wagalatia, ambako Paulo anawapinga wanaoifanya sheria kuwa sharti la wokovu, na utamjibu kwa uzito wa Wagalatia.

Kuna msemo unaotaka umoja katika yaliyo ya msingi, uhuru katika yasiyo ya msingi, na upendo katika yote. Wengi huuweka kinywani mwa Augustino, kumbe ni wa karne ya 17. Ni mzuri, lakini usiutegemee sana, maana ugumu wenyewe uko katika kujua lipi liko kapu lipi, na msemo haukuambii. Kipimo ninachotumia mimi ni kuuliza: jambo hili likiaminiwa, Kristo na kazi yake vinabadilika? Ndiyo maana kauli ya mama, ingawa si ya kukana Kristo, siiweki kwenye kapu la vyakula. Inageuza neema kuwa mshahara wa imani kubwa.

La mwisho linakuhusu wewe. "Jitunze nafsi yako, na mafundisho yako," Paulo anamwambia Timotheo, na nafsi imetangulia. Umeniandikia "hakuwa na la kusema". Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Ina ladha kidogo, sivyo? Naijua ladha hiyo; niliionja siku ya mzee mwenye kofia. Ukiisikia ulimini kabla hujasema neno, ahirisha. Na umtafute mtu mmoja, awe mchungaji au mwalimu anayekuzidi, mpe ruhusa ya kukurekebisha na umwombe asikusubiri uharibike kwanza. Anayerekebishwa mara kwa mara hujifunza mkono unavyopaswa kugusa.

Mama akirudi, usifundishe habari za ugonjwa wiki hiyo. Mwombe afungue kwa sala, na akikosea neno, sema amina. Somo la uponyaji liweke baada ya mwezi, lipitieni wote kwa utulivu, na mkifika 2 Timotheo 4:20 mwulize kama angependa kuusoma yeye.